Mlango Usiwe wa Zipu

Kazi yangu ni usanifu wa majengo, na kwa zaidi ya miaka ishirini nimeifanya bila mtu hata mmoja wa Moshi kuniita msanifu. Naitwa injinia. Zamani nilikuwa nakanusha, nikieleza tofauti ya injinia na msanifu kwa mifano, mpaka nilipogundua kwamba watu wanasubiri nimalize ili waendelee kuniita injinia.

Nilizaliwa Majengo, nyuma ya karakana za maseremala, kwa baba Mchagga aliyeshuka mjini kutafuta kazi na hakupanda tena mlimani isipokuwa Krismasi. Uchagga wangu kwa hiyo ni wa Desemba. Najua pombe ya mbege inavyonywewa, najua nyama ya mbuzi inavyogawanywa na nani anapewa kipande gani, na salamu mbili naziitikia vizuri. Mengine yote niliyakosa. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue mjinga wa hadithi hii ni nani, asipoteze muda kumtafuta.

Mwaka huo masika yalizidi. Mto ulitoka kwenye njia yake, ukapita juu ya majaruba ya mpunga ya Mabogini, ukaingia majumbani. Nyumba za matofali ya udongo zilisimama ndani ya maji siku mbili. Siku ya tatu zikaketi. Hakuna aliyekufa, na nadhani ndiyo sababu watu waliweza kuanza kutaniana mapema. Familia kumi na mbili zilihamia kwenye madarasa ya shule ya msingi. Shirika moja la misaada likaahidi mirunda, mabati na maturubai ya kujengea nyumba za muda, likaniomba nisimamie kitu kinachoitwa usanifu shirikishi. Maana yake ni kwamba mwenye nyumba na msanifu wanaichora nyumba pamoja. Nilikuwa nimewahi kuutolea mhadhara chuoni, kwa slaidi arobaini. Kuufanya sikuwahi.

Ardhi ilipatikana kwa mzee mmoja wa Kirua Vunjo. Kama watu wengi wa mlimani, mzee huyo alikuwa na kihamba chake huko juu, chenye nyumba, migomba na kahawa, na shamba la mahindi huku chini tambarare. Shamba lake lilikuwa mahali palipoinuka, maji hayakulifikia, na mwaka huo hakulima kwa sababu goti lilimsumbua. Alimwambia mwenyekiti wa kijiji kwa simu kwamba watu wakae hapo, ila mvua za mwakani analitaka shamba lake. Aliyasema kwa sauti ambayo sisi wote tuliokaa karibu na mwenyekiti tuliisikia bila spika.

Mkutano wa kwanza niliufanyia darasa la nne. Nilileta kinyumba kidogo cha kadi nilichokikata kwa wembe siku mbili nzima, chenye paa linalofunuka, pamoja na stika za rangi. Kijani ubandike mahali unapopapenda, nyekundu ubandike usipopapenda. Watu walikifunua kile kinyumba, wakakifunika, wakakisifu, wakakibandika kijani mpaka kikawa kama kimeota ukungu. Nyekundu hazikuguswa, isipokuwa mbili ambazo mama mmoja alimbandika mwanawe kwenye mashavu. Nikaandika kwenye daftari: jamii imeridhia muundo kwa asilimia mia.

Mkutano wenyewe, nilikuja kujua, huanza watu wanapokuwa wanarudisha madawati. Nilikuwa nimeshika dawati upande mmoja, na upande wa pili akalishika mama mjamzito, nikamwambia aache, akaacha, akabaki amesimama. Alikuwa mkulima wa mpunga, mzaliwa wa huko huko Kirua aliyeolewa Mabogini, mwenye watoto wawili na wa tatu njiani. Alikuwa analala katika darasa lile lile tulilokutania, na familia nyingine mbili. Akaniuliza kile kilichokuwa mbele ya kinyumba, kilichochorwa mstari wa meno meno, ni kitu gani.

Nikamwambia ni zipu. Ni teknolojia nzuri, turubai linafungwa lote, mbu hawaingii.

"Zipu ni ya begi, injinia."

Nikamuuliza kwa nini basi alibandika kijani.

"Ulikuwa umejichosha," akasema. "Na tulikuwa tumeshakunywa soda zako."

Kisha akanieleza, bila haraka, huku akijishika kiuno. Alikuwa amebakiza kama wiki sita. Akitoka zahanati na mtoto, kwa desturi ya kwao atakaa ndani miezi mitatu, mama mkwe atakuja kumtunza, atapika mtori wa ndizi na maziwa na kila kinachorudisha nguvu za mzazi, na atapika ndani, karibu naye. Katika kinyumba changu jiko lilikuwa nje, kitanda kilikuwa kimoja, na mama mkwe hakuwepo kabisa. Lakini hayo yote, alisema, angeyavumilia. Alilotaka ni moja.

"Nataka mlango. Wa mbao. Hapa darasani watu wananisalimia nikiwa nalala, nikiwa naogesha watoto, nikiwa nalia. Mtu apige hodi, mimi ndiye niseme aingie. Turubai utalipigaje hodi?"

Sikuwa na slaidi ya hilo.

Nikarudi Majengo kwa fundi seremala mmoja tuliyekua naye mtaa mmoja. Yeye alibaki kwenye mbao, mimi nikaenda chuo kikuu, na tangu hapo hajaacha kuniuliza nilifuata nini. Nikamwonyesha kinyumba cha kadi. Alikitazama, akauliza wanaoishi humo ni panya wangapi. Ushauri wake ulikuwa mfupi: nyumba ichorwe chini, kwa kamba, kwa ukubwa wake halisi, watu waingie wenyewe waone wanagongana wapi.

Basi tukaenda kwenye shamba la mzee na bunda la kamba za katani na gunia la vigingi. Tukapima nyumba ya kwanza, tukafunga kamba, tukarudi mjini. Asubuhi yake kamba zilikuwepo, zimekunjwa vizuri na kuwekwa juu ya jiwe. Vigingi havikuwepo. Sikumlaumu mtu. Kuni zilikuwa zimelowa kijiji kizima na vigingi vyangu vilikuwa vikavu, vimechongwa, viko tayari kwa jiko.

Hapo ndipo akili yangu ilipofanya kazi. Pembeni mwa shamba, kando ya mfereji, ulikuwepo mstari wa mimea yenye shina jembamba lililonyooka na majani marefu ya kijani, kama ile inayopandwa kwenye vyungu mapokezi ya hoteli. Mbichi, haiwaki. Ukiichomeka ardhini haifi. Nikachukua panga, nikakata mashina arobaini na manane, manne kwa kila nyumba, tukayachomeka kwenye kona na kufunga kamba. Fundi, ambaye ukoo wake ni wa Pwani na ujuzi wake wa mimea huishia kwenye mninga, alinisifu. Nikamwambia hivi ndivyo usanifu unavyotumia rasilimali za mahali.

Siku mbili zilizofuata ni kati ya siku nzuri nilizowahi kufanya kazi. Watu walioona haya kukisema kinyumba cha kadi hawakuona haya kabisa kuisema kamba. Yule mama mjamzito aliketi kwenye kigoda mahali pa kitanda, akakataa kuinuka, akawa anaelekeza. Mama mkwe wake akachutama mahali pa jiko, akakoroga mtori usiokuwepo, akasema moshi utamwingia mtoto machoni, jiko likahama. Likahama mara tatu. Jirani mmoja alikatiza juu ya kamba kuja kutoa maoni, akaambiwa arudi apite mlangoni, na alirudi. Mlango wenyewe ulisogezwa upande, ili anayesimama kupiga hodi asione kitanda. Mume mmoja aligundua kwamba kwenye ramani ya mkewe hana pa kukaa. Kufikia jioni ya pili hapakuwa na nyumba mbili zinazofanana, na mimi nilikuwa na matope mpaka magotini na furaha nisiyoweza kuieleza kwenye ripoti.

Niliona pia kwamba watu wamenibadilikia. Wazee wawili walinishika mkono kwa mikono yao yote miwili. Mwingine aliniambia Mungu atanilipa. Yule mama akaleta chipukizi la mgomba kutoka sijui wapi, akalipanda mbele ya nyumba yake ya kamba na kulimwagia maji. Kwenye slaidi zangu hali hiyo ilikuwa na jina: hisia za umiliki. Nikapiga picha.

Jumamosi mzee mwenyewe akaja kuona shamba lake. Alishuka kwenye bodaboda kwa kuanza na fimbo, kisha goti zima, kisha goti bovu. Akasimama. Akatazama upande wa mfereji, akatazama katikati ya shamba, akahesabu kitu kwa midomo. Nikamwendea na shikamoo yangu. Aliitika marahaba, maana hasira haimzuii mtu mzima kuitika, halafu akamwambia kijana wa bodaboda ageuze. Hakukaa hata dakika tano. Baada ya saa moja mwenyekiti wa kijiji alipigiwa simu, na safari hii pia hatukuhitaji spika. Hataki kuona mtu shambani kwake. Si wiki ijayo. Leo.

Nilimkuta yule mama amekaa kwenye kigoda ndani ya kamba zake. Akaniuliza kama kweli sikuongea na mzee kabla ya kupanda masale.

"Kupanda nini?"

Akanyoosha kidole kwenye kona ya nyumba yake. Nikamwambia yale ni maua tu, nilikuwa natafuta vigingi. Akanitazama muda mrefu, jinsi unavyomtazama mtu mzima aliyekwambia kwamba kiberiti alidhani ni cha kuchezea.

Nikaelezwa. Sale, kwa Mchagga, ni mpaka. Kihamba hupakana na kihamba kwa masale, na lilipo sale hakuna anayebishana, ardhi ile ina mwenyewe na watoto wa mwenyewe. Mimi nilikata mpaka wa mzee, nikauhamishia katikati ya shamba lake, nikaligawa kwa familia kumi na mbili, kila moja na pembe zake nne. Wanakijiji waliotoka mikoa mingine waliona vigingi. Waliotoka mlimani waliona wamepewa ardhi ya milele, wakajua nimewasemea kwa mzee, wakanipenda.

"Mimi nilidhani umetuombea," akasema. "Ndiyo maana nikapanda mgomba."

Alikuwa amekaa siku mbili na ardhi yake, na mimi ndiye niliyempa na mimi ndiye niliyemnyang'anya, vyote kwa kutojua. Hakulia, wala hakunitukana, ingawa nilikuwa naona afadhali anitukane. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Na mlango?"

Nikasema sijui. Akafikiri. Kisha akaniambia kuna njia moja, na kwamba ni aibu mtu wa umri wangu kufundishwa na yeye. Jani la sale likifungwa fundo huombewa msamaha. Unampelekea uliyemkosea, kwa mikono miwili, pamoja na mbege, na mtu akipelekewa sale hamfukuzi aliyelileta. Niende kesho, baada ya ibada, na nisiende peke yangu. Alilifunga fundo mwenyewe, maana la kwangu lilikuwa la kamba ya kiatu.

Nikapanda Kirua Vunjo na fundi wa Majengo. Alikubali kubeba dumu la mbege kwa sharti kwamba hatalionja, yeye ni Mwislamu, na kwamba nikieleza mkasa huu popote nitaje kwamba hakulionja. Hakulionja. Tulimkuta mzee ameshavua koti la kanisani, anamkatia ng'ombe mgomba vipande vipande kwenye hori. Mkewe alitukaribisha kwenye viti. Sikukaa. Nikanyoosha lile jani kwa mikono miwili.

Mzee hakulipokea. Aliligeuza kwa ncha ya kidole.

"Umelikata wapi?"

Ningeweza kudanganya, lakini fundi alikuwa ananitazama. "Mpakani kwako, mzee. Kule chini."

Ng'ombe akatafuna kipande kizima cha mgomba. Wa kwanza kushindwa alikuwa mama wa nyumba. Alijifunika mdomo kwa kanga, akakimbilia jikoni, na kutoka huko tukasikia kicheko chake kikigonga masufuria.

"Umekata mpaka wangu," mzee akasema. "Ukagawa shamba langu. Sasa umekuja kuniomba msamaha kwa mali yangu."

"Ndiyo, mzee."

"Na umesoma."

"Kidogo."

"Usiseme kidogo. Mtu aliyesoma kidogo hafiki mbali hivi."

Lakini alilipokea jani. Kisha akaketi, akaniambia kilichomuudhi hasa. Ana wana watano, wote mijini, na kila mmoja anaijua ile ardhi kwa masale tu. Akifa kesho, wakija wakakuta shamba limegawanywa kumi na mbili kwa masale, watasema baba aligawa, na watu wa chini watasema mzee alitupa, na wote watakuwa wanasema kweli. Haya niliyaelewa. Nikaanza kueleza umuhimu wa makazi ya muda katika kipindi cha dharura. Fundi akanikatiza, akaeleza kwa njia yake: kuna mama ana tumbo hivi, amebakiza wiki kama tano, analala darasani, na anataka mlango wa mbao.

Mama wa nyumba alikuwa amerudi na maziwa ya fundi. Akauliza ni mama gani. Ikaonekana anamjua nyanya yake. Akauliza mama mkwe ataketi wapi, jiko liko wapi, moshi unatoka wapi, na nilipojibu yote bila kukosea nikajua nimefaulu mtihani ambao chuoni hawautungi. Akamgeukia mumewe, akamwambia maneno machache kwa Kichagga. Mzee akakuna goti lake bovu.

Alitoa masharti. Atashuka Jumanne. Masale atayang'oa mwenyewe, moja moja, watu wote wakiwa wamesimama wanaona, na nitayarudisha mpakani kwa mkono wangu. Hakuna kupanda mti wowote. Mvua za mwakani, shamba lake. Nikasema ndiyo kwa kila kitu. Ndipo mbege ikafunguliwa.

Jumanne alikuja na mkewe. Aling'oa masale arobaini na manane, na kwa kila moja fundi alichomeka kijiti kikavu cha kawaida, huku mimi nikifuata nyuma na furushi la majani kama mtumishi wa Jumapili ya Matawi. Walipofika kwa yule mama, alikuwa ameshaung'oa mgomba wake, ameuweka kwenye ndoo yenye udongo, ndoo iko nje ya kamba. Mzee aliitazama ndoo. Baadaye nilimwona akiisogeza kivulini.

Kilichobaki ilikuwa kazi. Niliandika ofisi ya shirika kuomba zipu kumi na mbili zibadilishwe ziwe mbao za milango. Walijibu baada ya siku sita, wakiuliza kama jamii imeshirikishwa katika mabadiliko hayo. Niliwatumia picha ya watu wote shambani, mzee katikati ameshika sale, nikaandika: ndiyo. Wakafurahi sana na picha. Mbao zikachelewa hata hivyo. Kuta zikasimama, mabati yakapanda, jiko la mama likakaa lilipopangwa, na pale pa mlango pakabaki uwazi uliokuwa unanitazama kila asubuhi.

Mbao zilifika Jumatano, lakini mtoto hakusubiri mlango. Alikuja kesho yake, Alhamisi, wiki moja kabla ya siku zake. Mama alipelekwa zahanati kwa bajaji, na mume wake akanipigia simu si kunipa habari ya mtoto, ambaye alikuwa hajafika bado, bali kuniuliza mlango umefikia wapi. Alikuwa ameagizwa aulize. Fundi alifunga karakana yake kwa wateja wengine, akapiga randa mpaka jioni. Ijumaa asubuhi tukaubeba mlango mgongoni mwa pikapu, tukaufikisha, tukausimamisha, na haukuingia. Ardhi ilikuwa imenyonya maji na fremu imelala upande kidogo. Fundi akapunguza juu. Haukuingia. Akapunguza chini, kimya, kwa ule ukimya wa seremala ambao hutakiwi kuuongelesha. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika, na niliambiwa kwamba hata kushika sijui.

Bajaji ilifika tukiwa kwenye bawaba ya mwisho. Akashuka mama mkwe na chupa ya chai na furushi, kisha mama mwenyewe, polepole, na mtoto wa kike amefungwa kwenye kanga mpya. Hakuingia. Alisimama pale juani, akatazama fundi akikaza skrubu moja, ya pili, ya tatu. Fundi akaufungua mlango, akaufunga, akaufungua tena, akasogea kando kwa heshima ambayo sijawahi kumwona akiitoa kwa mteja. Mama alitusalimia wote wawili, akatushukuru, akaingia na mama mkwe wake. Mlango ukafungwa. Ulikwaruza kidogo chini, kisha ukakaa.

Kesho yake nilikwenda kuukagua, maana ule mkwaruzo ulikuwa umeninyima raha. Nilikuwa na tepu ya kupimia na msasa. Kwa wiki nne nilikuwa nimeingia na kutoka katika nyumba ile, kwanza kwa kuruka kamba, kisha kwa kupita kwenye ule uwazi, bila kumuuliza mtu. Nikapiga hodi.

Ndani nilisikia mwiko kwenye sufuria, mtoto akinung'unika, na wanawake wawili wakinong'ona. Nikapiga tena, nikasema ni mimi, injinia. Minong'ono ikakoma. Mwiko ukakoma. Mtu alikuwa anajizuia kucheka, na nadhani alikuwa mama mkwe. Hakuna aliyesema karibu.

Nikaweka msasa kizingitini, nikaenda kumsaidia fundi kwenye mlango wa pili.